Wauza vipuri vya kompyuta, tuandikieni milimita

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa teknolojia kuhusu kompyuta ndogo zenye nguvu niliisoma hadi mwisho, kalamu mkononi. Mwandishi wenu ameeleza vizuri kwa nini watu wameanza kuyachoka yale makasha makubwa yanayomeza nusu ya chini ya meza. Lakini alipofika kwenye vipuri alirudia maneno ninayoyasikia kila ninapoingia madukani Kampala: eti siku hizi kila kitu kinaingiliana, na mwenye fedha kidogo anunue kompyuta nyembamba ya ofisini iliyokwisha kutumika, achomeke kadi ya grafiki (ile inayoshughulikia picha) aipendayo, mambo yaishe. Hapo, kwa heshima zote, amewapoteza wasomaji.

Kazi yangu ni video za harusi, makazi yangu Oli, hapa jijini Arua. Wenye harusi wa huku hawasubiri tena majuma kadhaa waletewe sherehe yao kwenye flashi. Kilichopigwa asubuhi msikitini au kanisani wanataka wakione jioni ukumbini, kabla keki haijakatwa, shangazi zao wakipiga vigelegele. Kwa hiyo kompyuta husafiri nami: Nebbi, Koboko, Yumbe, wakati mwingine hadi ng'ambo ya Vurra, upande wa Kongo. Kwenye basi naipakata mwenyewe, kwani buti ya basi la usiku siiamini hata kwa kuku.

Najua wasomaji watauliza, mama, laptopu ina kosa gani? Haina kosa, ila majina ya kadi zake yanadanganya. RTX 4090 ya laptopu, kadi ya kampuni ya NVIDIA, hutumia chipu ya AD103, ndiyo ileile iliyo ndani ya RTX 4080 ya mezani, na nguvu yake huishia wati 175. RTX 4090 ya mezani hula wati 450. Jina moja, mashine mbili. Ukiwa na saa tatu za picha za 4K na bwana harusi anakutumia ujumbe kila dakika kumi, tofauti hiyo utaijua bila kuambiwa.

Turudi kwenye ushauri wa mwandishi wenu. Kompyuta nyembamba za ofisini, tuseme Dell OptiPlex za umbo dogo zilizojaa kwenye maduka ya mitumba, ni mashine nzuri kwa kazi iliyozizaa: barua, hesabu, stakabadhi. Kadi inayoingia humo ni ile ya nusu kimo tu. Tundu la kadi lenyewe, liitwalo PCI Express, hutoa wati 75 mwisho wake, na kadi yoyote inayotaka zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Sasa pawasaplai ya mashine hizo ina umbo na plagi za kampuni yenyewe, huwezi kuing'oa ukaweka nyingine ya dukani. Kijana mmoja wa hapa mtaani alifuata ushauri wa namna hiyo, akaniletea OptiPlex yake na kadi ya feni tatu ndani ya boksi zuri sana. Kadi ilikuwa ndefu kuliko kompyuta. Tuliviweka sambamba mezani, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Anayetaka mashine ndogo yenye nguvu za kweli aanze na kasha. Asianze na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, wala kadi. Kasha hupimwa kwa lita, na lita sisi tunazijua: Cooler Master NR200 ina lita 18.25, yaani ni pungufu ya jerikeni letu la maji la lita 20. Fractal Design Terra, la Wasweden, lina lita 10.4, nusu ya jerikeni hilo na mabaki kidogo. Ukishachagua kasha umeshachagua mengi bila kujua. Ubao unaobeba vipuri vyote, yaani madabodi, utakuwa Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kwa 170, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Madabodi hiyo ina tundu moja tu la kadi kubwa na matundu mawili ya vijiti vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Huwezi kusema nitaanza na vijiti viwili, vingine nitaongeza mwakani. Mwakani hakuna pa kuongeza, utavitoa vile vya kwanza na kuviuza kwa hasara. Kwa video mimi huwaambia watu wanunue vijiti viwili vya gigabaiti 32 siku hiyohiyo, wapate 64, hata kama itabidi kusubiri mwezi mmoja.

Kadi ya grafiki ndiyo inayoliza watu. Kuna duka moja Kampala, sitalitaja, ambako nilimwuliza muuzaji urefu wa kadi ya RTX 5070 aliyoiweka kwenye kabati la kioo. Akanijibu: "Mama, hii ni gigabaiti 12." Nikamwambia gigabaiti nimezisoma, nauliza urefu. "Itaingia tu." Nikaomba rula. Rula hakuna, lakini soda ililetwa.

Mwandishi wenu aelewe kwamba RTX 5070 si kadi moja. Chipu ni ya NVIDIA, lakini kila kampuni huivika vipoza vyake. Ile ya NVIDIA yenyewe ina urefu wa milimita 242 na unene wa nafasi mbili. Za makampuni mengine, zenye feni tatu, zipo zinazopita milimita 300. Zote zinakula wati 250, zote zinaitwa 5070, na kwenye karatasi ya bei zimeandikwa vivyo hivyo. Huko juu kwa wakubwa mambo ni makali zaidi: RTX 4090 ya ASUS iitwayo ROG Strix ina urefu wa milimita 357 na unene wa milimita 70. NR200 mwisho wake ni milimita 330. Terra mwisho ni 322.

Wala urefu hautoshi. Kuna kimo, yaani kadi inavyosimama juu ya tundu lake, na juu ya kimo hicho kuna waya wa umeme unaotokeza. Kadi mpya nyingi za NVIDIA hutumia plagi moja ya pini 16. Mwaka 2022 zilipotoka RTX 4090, habari zilienea duniani za plagi hizo kuyeyuka, na sababu mojawapo iliyothibitika ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Plagi ilirekebishwa baadaye, ikaitwa 12V-2x6, lakini haikugeuka mpira. Waya ukikunjwa karibu mno na plagi kwa sababu mlango wa kasha unaubana, unajitafutia moto. Nyumba zetu zina mapazia na magodoro, na gari la zimamoto siyo kila mtaa linafika.

NVIDIA wenyewe waliliona tatizo hili. Mwezi Juni 2024 walitangaza alama ya SFF-Ready kwa kadi zinazofaa makasha madogo: urefu usizidi milimita 304, kimo kisizidi 151 pamoja na mkunjo wa waya, unene usizidi 50. Kumbe inawezekana kuandika vipimo vitatu kwenye karatasi! Kama kampuni ya Marekani inaweza kuiambia dunia nzima, muuzaji mwenye kadi mkononi mwake anashindwaje?

Kipoza cha prosesa nacho kina vita vyake. Kwenye Terra kuna uti wa katikati unaosogezwa: ukiusogeza upande wa kadi nyembamba, kipoza kinapata hadi milimita 77, ukiweka kadi nene, kipoza kinabaki na 48. Kwa hiyo mtu anayenunua kadi leo na kipoza mwezi ujao, kila kimoja kwa raha yake, anacheza kamari. Noctua ya Austria wana NH-L9a-AM5 yenye kimo cha milimita 37, Thermalright wana AXP90-X47 ya milimita 47. Lile jumba la Noctua liitwalo NH-D15 lina milimita 165, halifungiki hata kwenye NR200 ambayo inakubali 155. Kuna na jambo dogo la mguu wa kipoza. Soketi ya AM5, yaani tundu la prosesa za kampuni ya AMD, imekuja na bamba lake la nyuma ambalo halitolewi. Vipoza vya AM4, soketi iliyoitangulia, vinavyofungwa kwenye bamba la asili vinakubali. Vile vinavyokuja na bamba lao havikai. Muuzaji atakuambia "AM4 na AM5 ni ndugu." Ndugu, sawa, lakini siyo pacha.

Na kipoza kidogo kina kikomo. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 9 7950X imeandikwa wati 170. Kuifunika kwa kipoza cha milimita 37 ni kuionea. Ryzen 9 7900 ina viini 12, imeandikwa wati 65, na hata ikibanwa na kazi hairuhusiwi kupita 88. Kwa kasha la lita kumi hiyo ndiyo ninayoipendekeza, na sioni aibu kwamba kuna nyingine yenye kasi zaidi. Tukumbuke pia kwamba Kampala na Arua ziko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, feni ileile hubeba joto pungufu. Tena kuna vumbi jekundu. Kasha lisilo na vichujio huku West Nile nisingelipokea hata kwa zawadi.

RAM nitaipitia haraka. AM5 inakubali RAM ya aina ya DDR5 peke yake. Prosesa za Intel za soketi LGA1700 zina madabodi za DDR4 na za DDR5, na moja haiingii kwenye tundu la nyingine kwa sababu pengo la katikati limehamishwa. Soma jina la madabodi hadi herufi ya mwisho. Vijiti virefu vyenye taa za rangi viacheni, hugonga kipoza. Jingine ni kwamba AM5 ikiwashwa mara ya kwanza hukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikijifunza RAM iliyopewa. Mafundi wengi huizima hapo, wakaiwasha tena, wakaizima, kisha wakamwambia mteja madabodi imekufa. Kaeni mnywe chai. Kuhusu SSD, diski za chipu, sina la kulalamika, ile ya umbo la M.2 ya urefu wa milimita 80 huingia karibu kila mahali, ila ikiwa tundu la pili liko mgongoni mwa madabodi msiweke huko ile inayochemka sana.

Kwa wenzangu wa video kuna kupatana kwingine ambako hakuonekani kwa rula. Kamera nyingi za Sony za siku hizi hurekodi rangi ya 4:2:2 kwa biti 10, yenye maelezo mengi kuliko ya kawaida. RTX za mfululizo wa 40 haziifungui rangi hiyo ndani ya H.265, namna mojawapo ya kubana video, kwa chipu yake ya video, kazi yote humwangukia prosesa, na picha hukwamakwama unapohariri. Mfululizo wa 50 huifungua. Intel nao huifungua kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa, ila siyo prosesa zenye herufi F mwishoni, maana hizo zimeondolewa grafiki hiyo. Herufi moja tu kwenye boksi! Na mara nyingi ndiyo iliyo nafuu kidogo, ndiyo inayoletwa kwa wingi.

Sasa pawasaplai. Makasha haya hutumia SFX, upana milimita 125, kimo 63.5, kina 100. Ile ya kawaida ya ATX ina upana wa 150 na kimo cha 86, haiingii hata ukiisukuma kwa goti. Hesabu ya wati si ngumu: kadi 250, prosesa 88, madabodi na feni na vinginevyo tuseme 50, jumla haifiki 400. NVIDIA wanashauri pawasaplai ya wati 650 kwa RTX 5070 kwa sababu kadi huruka ghafla juu ya kiwango chake. Mimi ningeweka 750 nilale.

Lakini hapa kwetu umeme hauishii kwenye pawasaplai. Ukumbini kuna jenereta inayoendesha muziki, taa na friji za soda, na kila feni kubwa inapowaka taa zote hupepesa. UPS, ile betri inayoshika umeme unapokatika, ikiandikwa 650VA watu hudhani ni wati 650. Sivyo. Nyingi za ukubwa huo hazitoi hata wati 400, kwa hiyo umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kazi nzito, UPS hulia mara moja na kuzima pamoja na kila kitu. Mtu anayeunda mashine ya namna hii aihesabu UPS kama kipuri cha kwanza, aisome kwa wati. Tena pawasaplai bora za kisasa nyingine hugombana na UPS za bei rahisi ambazo umeme wake hauna wimbi laini. Muulize muuzaji wimbi ni la aina gani. Akikutazama bila kujibu, nenda duka la pili.

Na waya! Naomba hili lichapishwe hata kama mtayakata mengine. Pawasaplai za mitumba huuzwa bila waya zake, kisha fundi hukuokotea waya za kampuni nyingine kutoka kwenye sanduku. Upande wa madabodi plagi zimesanifishwa, zinafanana. Upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja huweza kutofautiana. Plagi inaingia, inabana vizuri, unawasha, na diski yenye harusi ya mtu inaungua. Harusi hairudiwi.

Sababu iliyonifanya nichukue kalamu ni hii. Mashauri mengi ya kuunda kompyuta yanaandikwa na watu wa nchi ambazo kipuri kisipofaa hurudishwa. Umoja wa Ulaya una sheria: aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bila hata kueleza sababu. Kwao, "jaribu uone" ni ushauri. Hapa risiti zetu zina mstari chini kabisa, tunaujua kwa moyo, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi niko karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Kadi ikizidi kasha kwa milimita nane, nimelipa bei yake, nimelipa VAT ya asilimia 18 ndani yake, nimelipa basi iliyoileta, na sasa natafuta mtu wa kumwuzia kwa bei ya kutupa. Muuzaji hajapoteza hata senti. Mwenye kunufaika na "itaingia tu" ni mmoja, na mwenye kulipia ni mwingine.

Sisemi wauzaji ni wabaya. Wengi ni vijana waliozoea kuuza laptopu, ambako mnunuzi haulizi milimita kwa sababu hakuna cha kupima. Wanajua gigabaiti kwa kuwa ndizo tunazowauliza. Ila biashara hii inakua. Studio za muziki, wanafunzi wa usanifu majengo, vijana wa michezo ya kompyuta, wote wanaanza kutaka mashine ndogo. Karatasi ya bei ikiandikwa urefu, kimo na unene wa kadi, kimo cha kipoza, aina ya pawasaplai na wati zake, itachukua mstari mmoja zaidi. Kampuni zote kubwa zimeviweka vipimo hivyo kwenye kurasa zao, ni kunakili tu. Risiti nayo iandikwe jina lote la modeli, siyo "GPU 12GB" peke yake, ili fundi wa Arua au Gulu aweze kuangalia kabla boksi halijafunguliwa. Na mteja akija na kasha lake begani, aruhusiwe kulaza kadi ndani kabla ya kutoa pesa. Madabodi nazo ziwe na maelezo ya BIOS yake, ile programu inayoiamsha: madabodi ya AM5 iitwayo B650 iliyokaa dukani tangu kabla ya Agosti 2024, zilipotoka Ryzen 9000, inaweza kukataa kuiwasha prosesa hiyo mpaka BIOS ipandishwe. Zipo zenye kitufe cha kupandisha kwa flashi bila prosesa. Muuzaji aseme kama hiyo yake inacho.

Kwenu, Mhariri, ombi langu ni kwamba ule ushauri wa kuchomeka kadi yoyote kwenye kompyuta ya ofisini usahihishwe kwenye toleo lijalo, mahali palepale ulipotokea, siyo kwenye kona ya chini. Na mwandishi wenu akirudia mada hii, kila kipuri atakachokitaja akiandikie vipimo vyake, pamoja na jina la kasha alilokijaribia.

Wenu msomaji,
Mpiga video za harusi,
Oli, Arua, Uganda